Namba Ndogo ya Klorini

Mume wangu,

Huku sote wazima, mgonjwa ni bomba la jikoni tu, bado linavuja.

Leo darasani tulisawazisha mlinganyo wa sodiamu na klorini. Binti mmoja mcheshi aliona klorini mbili kushoto na moja kulia, akaandika NaCl₂ badala ya NaCl, akashangilia: "Mwalimu, imekubali!"

Nikamwambia, "Namba za mbele ongeza utakavyo: 2Na + Cl₂ → 2NaCl. Ile ndogo ya chini usiiguse. Ukiigusa, hiyo si chumvi tena."

Ndipo nikakumbuka ombi lako: niache ualimu nihamie kwako, mambo yakae sawa.

Baba watoto, ongeza safari za kuja nyumbani, nami nitaongeza za huko. Ila ualimu ndiyo namba yangu ya chini.

Mkeo,
Mwalimu