Mbwa Aliyekataa Lori la Hamimu

Makazi ya Wakimbizi,
S.L.P. Ngara,
Ziwa Magharibi.
11 Februari, 1979.

Mpendwa mdogo wangu Generoza,

Shikamoo yako naiitikia kabla hujaitamka: marahaba. Hujambo huko Tabora? Kifua chako kimepona, au bado kinakusumbua asubuhi? Mume wako Leonidas na watoto wanaendeleaje? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limekuwa gumu tangu mvua za Novemba. Mafuta ya taa hayapatikani, kwa hiyo nakuandikia mchana.

Nisamehe kwa kuandika Kiswahili. Tangu vita ianze barua zinafunguliwa njiani, na Kirundi humpa mfunguaji kazi ya kudhania. Bahasha yako ya Desemba ilinifikia imebandikwa mara mbili, kwa gundi ya aina mbili. Nimeihifadhi.

Habari kubwa ni ya binti yangu Domisiana. Mume wake, Gozbert, alikwenda vitani na mgambo mwezi wa kumi na moja, akamwacha na mimba ya miezi mitano na ekari moja na nusu ya mahindi. Kijiji chao, upande wa Biharamulo, kilipangwa mwaka 1974: nyumba ziliwekwa mstari mmoja kando ya barabara, mashamba yakabaki kule kule, mwendo wa saa nzima, yakipakana na pori la Burigi. Nguruwe pori wameuelewa mpango huo kuliko sisi. Mwanzoni mwa Desemba alinitumia neno kwamba wameanza kuingia, naye anashinda na kulala kwenye kibanda cha shambani akigonga debe kuwafukuza. Mahindi hayo ndiyo chakula chake na cha mtoto hadi mwezi wa saba.

Mimi siwezi kwenda. Vibali vya kulala nje ya makazi vimesimamishwa kwetu sote mpaka vita iishe. Lakini mbwa hahitaji kibali, na ninaye Ndabazi, dume jekundu ambalo nguruwe wakilisikia hubadili njia. Jina lake maana yake ni ‘nawajua’, na kwa kuwa Kihangaza cha wenyeji wa hapa na Kirundi chetu ni ndugu, kila jirani hapa anaielewa. Balozi wetu wa nyumba kumi, Privatus, ameniuliza mara mbili ni kina nani ninaowajua. Nilimwambia hilo ni jina la mbwa tu. Akasema, “Ndiyo, mzee, lakini aliyempa ni wewe.”

Gari pekee liendalo Biharamulo ni lori la duka la ujamaa, Bedford kuukuu, kila baada ya wiki mbili kufuata chumvi na sabuni, petroli ikipatikana. Dereva ni Hamimu, Mwislamu wa Biharamulo mjini, mtu mwembamba anayeongea nawe huku akitazama mahali pengine. Tarehe 9 Desemba nilimpandisha Ndabazi nyuma, nikamfunga kwa kamba. Lori lilipoanza tu kutembea alitetemeka, akatokwa na mate, akatapika, kisha akalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mbwa. Kwenye kona ya kwanza aliikata kamba kwa meno, akaruka. Alirudi nyumbani akichechemea.

Nilimshuku Hamimu papo hapo. Dini yake haimruhusu kuguswa na mate ya mbwa, nikasema moyoni kwamba amempiga teke nilipogeuka. Kisha akaniambia jambo lililonizidishia shaka. “Mzee, mvue hiyo kengele. Inatia wazimu.” Ile kengele ya mbao, wanayovaa mbwa wote wa kuwinda, ndiyo inayotangaza Ndabazi ni wa nani. Akivuliwa anakuwa mbwa yeyote, na mbwa yeyote anauzika njiani. Nilimjibu kwamba kengele itabaki.

Niliamua kumfundisha taratibu, kama nilivyosoma zamani seminarini katika kitabu kuhusu farasi wanaoogopa madaraja. Petroli ilikosekana, lori likasimama zaidi ya wiki mbili mbele ya ofisi ya kijiji. Kila alasiri nilikwenda na sahani yake. Siku nne alikula kando ya gurudumu. Siku tatu alikula juu ya ubao nilioegemeza nyuma ya lori. Siku ya nane alikula ndani, akajilaza, akasinzia. Hata Hamimu alipowasha injini kwa dakika moja, akinung’unika kwamba ninachoma mafuta ya wanajeshi, Ndabazi aliinua sikio moja tu.

Privatus naye alikuwa akituangalia. Mkimbizi mzee anayekaa kila siku ndani ya lori la umma, wakati wa vita, hata mimi ningeliandika jina lake. Siku moja alipanda, akanusa mikono yangu kama ina petroli.

“Unafanya nini humu, mzee Idefonsi?”

“Namfundisha mbwa kusafiri.”

“Kwenda wapi?”

“Biharamulo.”

“Ana shughuli gani Biharamulo?”

“Nguruwe.”

Akaangalia mfuniko wa tangi, akamwangalia mbwa. “Sisi wengine tunasafiri kwa barua ya mwenyekiti,” akasema. “Huyu barua yake iko wapi?”

Hamimu alidakia kutoka kivulini, “Mwandikie basi, balozi. Jina tayari analo.”

Tarehe 30 Desemba petroli ilikuja. Ndabazi alipanda mwenyewe, ametulia kama paka jikoni. Lori likatembea hatua ishirini, na yote yakawa kama mwanzo: mate, matapishi, kile kilio. Hamimu akasimama, akasema tena habari ya kengele. Nilimteremsha mbwa, nikaenda zangu. Nyumbani niliandika katika daftari langu: haogopi lori, haogopi injini, anaogopa lori linapoendeshwa na Hamimu. Nilijisifu kwa hoja hiyo. Wiki hiyo hiyo Domisiana alituma neno kwamba upande wa chini wa shamba umekwisha.

Tarehe 13 Januari nilipanda nyuma pamoja na mbwa, hadi kizuizi cha barabara, ambako ndiko mwisho wa ruhusa yangu. Nilikusudia kumkamata Hamimu. Nilijikunja nyuma ya magunia matupu, jicho kwenye kidirisha cha chumba cha dereva. Hamimu aliendesha mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, hakugeuka hata mara moja. Ndabazi alianza kulia. Nilipomtazama alikuwa amejibana kwenye ubao, hajapiga hatua, lakini kengele shingoni mwake ilikuwa ikilia mfululizo. Barabara ndiyo iliyokuwa ikiipiga.

Hapo nilimkumbuka baba. Nawe utakumbuka alivyokuwa akiijaza kengele majani makavu anapotoka nyumbani na mbwa, na hayatoi mpaka wafike porini, mnyama akiwa karibu. Kwa mbwa wa kuwinda kengele ikilia mfululizo ni amri moja tu, kimbia. Nami nilimfunga kamba, kisha nikaacha amri hiyo imlilie masikioni kila lori lilipotembea. Mimi, mtoto wa mwindaji. Nilichana pindo la shati langu, nikaiziba kengele. Aliendelea kutetemeka kwa muda mfupi, akanusa magunia, kisha akaweka kidevu juu ya mguu wangu.

Kizuizini nilishuka, yeye akabaki. Hamimu alitoa kichwa dirishani. “Umeivua?”

“Nimeiziba.”

“Mwezi mzima nakuambia, mzee.”

“Ulisema inatia wazimu. Nilidhani ni wewe.”

“Na yeye hana masikio?”

Bado sikumwamini kabisa. Nilimwambia alete alama kutoka kwa Domisiana, siyo maneno ya mdomo. Aliporudi safari hiyo alisema tu, “Amefika,” nami sikulala vizuri mpaka safari iliyofuata. Tarehe 31 Januari alisimamisha lori mbali na ofisi, akanituma nyuma. Nilikuta paja zima la nguruwe pori, limekaushwa kwa moshi, limefungwa kwa waya upande wa nje.

“Fungua mwenyewe, mzee,” akasema. “Mimi siligusi. Nimeendesha na harufu yake tangu asubuhi, hiyo inatosha.”

Mtu mwingine angekata kipande njiani. Hili lilikuwa zima, na kikaratasi cha Domisiana kimechomekwa kwenye waya. Anaandika kwamba Ndabazi alimkamata nguruwe siku ya tatu, waliobaki hawajarudi, naye sasa analala nyumbani kwake. Mimba iko salama. Nilimwomba Hamimu radhi, kwa maneno kamili, nikitaja kila nilichomdhania. Alisema si kitu, akitazama mahali pengine.

Privatus sijamwomba radhi. Nilimpelekea kipande cha nyama kwa ujirani mwema, akauliza kimepita vizuizini kwa kibali cha nani. Huyo simwondoi machoni.

Sasa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Domisiana anaandika pia kwamba mahindi yaliyosalia ni robo ya shamba. Sehemu kubwa ililiwa kati ya Krismasi na siku mbwa alipofika. Mwenyewe anaona ni sababu ya petroli na ananishukuru kwa kuhangaika. Lakini lori lilikwenda Desemba, Generoza, na siku hiyo ya kwanza niliambiwa la kufanya, nikasikia mwizi akisema. Nimeongeza matuta ya muhogo kwenye kipande changu, na Hamimu amekubali kubeba kikapu kila safari. Unapomwandikia mtoto wetu Domisiana, mwache aendelee kuilaumu petroli.

Nisalimie Leonidas na watoto wote, na mama mkwe wako Scholastika kama bado ananikumbuka. Tumwombee Gozbert arudi na miguu yake miwili kabla mtoto hajaanza kutembea. Mungu akulinde, kifua chako kikae kikavu, na barua zako zinifikie zikiwa na gundi moja tu.

Ni mimi kaka yako akupendaye,

Idefonsi Ntirampeba