Dawa Uliyomwambia Baba Aiache

Mpendwa Waya,

Simu zangu huzishiki, na kila niliyemtuma kwako Ntimaru amerudi na salamu tupu, kwa hiyo nakuandikia mbele za watu. Wasiojua Kijaluo wajue kwamba waya ni shangazi, dada ya baba, na kwamba baba yangu hana dada mwingine. Nimeandika "mpendwa" kwa sababu ndivyo barua inavyoanza na kwa sababu, Mungu anisamehe, bado ni kweli.

Unaikumbuka surua yangu? Nilikuwa mdogo, hapa hapa Mbita, macho yamegandana kwa tongo. Mama alikuwa ameleta tembe kutoka zahanati, ukazitupa uani. Ukanichemshia manyasi, ile mizizi na majani uliyoyajua mwenyewe, ukaninywesha na kuniosha, na ukakataza mtu yeyote asiambiwe ninatibiwa na nini. "Dawa ni kama wake wenza," ulimwambia mama. "Ukizilaza nyumba moja, moja itamaliza nyingine." Nikapona. Mama alikupa kuku, na tangu hapo neno lako kuhusu magonjwa halikupingwa bomani kwetu. Laiti ningechelewa kupona kidogo, pengine tungejifunza kukupinga mapema.

Nakumbuka pia ulivyokuwa ukinimegea odowa, lile jiwe laini mnalolitafuna wanawake, tukiwa tumekaa mlangoni mama asituone. Ulisema ardhi ndiyo inayomjua mtu. Nilikuwa napenda harufu yake, ya vumbi lililonyeshewa, na nilikuwa nakupenda wewe kuliko shangazi wa watoto wengine.

Kisha shimo la dhahabu kule Macalder likamfukia mdogo wangu Ochieng'. Ulilia nasi, sikunyimi hilo. Sisi tulilia tukanyamaza, baba akanyamaza bila kulia. Yeye fundi wa mashua, ambaye kelele zake zilisikika kabla ya nyundo yake, akawa anakaa kutwa anatazama miguu yake. Hospitalini Homa Bay walisema ni sonona, wakampa tembe. Hazikufanya muujiza. Alirudi polepole tu, leo uji, kesho maneno mawili matatu, mpaka asubuhi moja nikamsikia anamtania mama juu ya dagaa zake, "Hii omena umeipika au umeitishia moto tu?" Mama aliingia jikoni akalia kwa furaha. Wiki hiyo baba alianza mashua mpya.

Ndipo ukaja na mkebe wako wa madini, magnesiamu na zinki na mengine, unga wa kutuliza mishipa na kuleta usingizi. Waya, mimi sina ugomvi na mkebe. Ugomvi wangu ni maneno uliyomnong'oneza nilipokwenda kuchemsha chai, ambayo alinieleza baadaye hospitalini. Ulimpa masharti ya manyasi! Aache tembe zote siku hiyo hiyo ili unga ufanye kazi peke yake, na asimwambie mtu, hata mimi. Sidhani hata aliyekuuzia alisema hivyo. Ulichukua sheria ya mizizi ukaivika unga wa dukani. Na baba, mzee mzima mwenye wajukuu, alikutii kama mtoto, kwa kuwa nyanya alipofariki ni wewe uliyemlea.

Haukupita muda akaanza kuyumba. "Nasikia kama stima inapita kichwani," aliniambia, kama mtu aliyeshikwa na umeme. Nilidhani ni malaria. Alikupigia simu, nawe ukamjibu, "Ni sumu ya hizo tembe inatoka. Vumilia, owadwa." Owadwa, ndugu yangu. Ulilisema kwa upendo, najua, na hilo ndilo linalonikaa kooni. Ungekuwa adui yetu ningejua la kufanya nawe.

Akaacha kulala. Akaacha kula. Akaniambia yeye ni mzigo na tukimkosa tutapumua. Asubuhi moja tulimkosa kweli, tukamtafuta tukimwita, tukamkuta kwenye mawe ya ufuoni, nguo zimelowa, hataki kuinuka, tukambeba hadi hospitalini. Ulipofika hospitalini nilikuita mchawi pale langoni, wanawake wa kanisa lenu wakisikia. Sikuombi radhi. Ulipanda gari ukaondoka kabla daktari hajatoka.

Basi sikia alichosema, maana hukungoja. Aliutazama mkebe wako, wala hakukasirika. "Mzee angeweza kutumia vyote viwili," alisema. "Mngeniletea tu nione." Angempima figo kwanza, angeuliza anameza nini kingine, kisha angempangia kila kimoja saa yake, kwa sababu kuna madini yanayozuia dawa nyingine kuingia vizuri mwilini. Zile tembe haziachwi ghafla. Zinapunguzwa kidogo kidogo, naye akiangalia. Ile stima ya kichwani haikuwa sumu. Ni mwili uliokuwa unaitafuta dawa uliyoizoea.

Vyote viwili, Waya! Hakuna aliyekuomba umchagulie. Hao wake wenza wako walitaka tu kila mmoja ajengewe nyumba yake, kama ilivyo katika boma lolote.

Baba yupo. Ameanzishiwa tembe upya, lakini safari hii hazijamwinua kama mwanzo. Anashika randa, anaitazama, anaiweka chini. Mwenye ile mashua alikuja kuichukua ampelekee fundi mwingine, na baba akamsaidia kuisukuma. Daktari anasema tuwe na subira. Ninayo subira, lakini ni chungu, na kila nikimpelekea baba chai nakukumbuka wewe.

Na sasa nasikia huko Ntimaru bado unauza mikebe ile, na bado unatoa masharti. Wanasema jirani yako, yule mama wa mapacha aliyeingiwa na huzuni tangu ajifungue, naye anameza tembe kama za baba na ameshanunua mkebe kwako. Nakusihi, mimi niliyekutukana, nenda kwake leo. Mwambie asiache tembe zake, auchukue mkebe akamwonyeshe daktari wake. Hutapoteza mteja. Ukinyamaza, watoto wale wawili watakuja kukuandikia barua kama hii, na yao haitaanza na "mpendwa".

Jana baba aliacha kula katikati akaniuliza, "Nyamera atakuja lini?" Dada yangu, anavyokuita. Nikamwambia barabara ni mbaya. Akasema, "Mwambie aje. Mwambie sina neno naye."

Ujumbe wake nimeufikisha, Waya. Kaa salama huko mpakani. Ukija, ujue aliyekuita ni yeye. Mimi bado sijakuita.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako.