Sikio Limezima, Nami Namngoja Kaka

Mama Santina, nisaidie upesi maana hata kutulia siwezi, naketi, nasimama, naketi tena. Mimi ni Abang wa mtaa wa Hai Malakal hapa Juba, kanisani natafsiri mahubiri, pasta anaongea Kiingereza nami naweka kwa Kiarabu cha Juba, na siku zote nasimama mkono wake wa kulia, kwa hivyo maneno yake hunijia sikio la kushoto. Ijumaa niliamka sikio hilo limezima kabisa, kuna mlio tu kama jenereta ya jirani, Jumapili nikahamia upande wa pili watu wakacheka, na mimi najua ni lile kofi la kaka yangu Mathiang, alinipiga tukiishi Kitale nikiwa darasa la saba, eti nimechelewesha chakula, damu ikatoka sikioni, na mpaka leo hajaniambia malesh, hajaniomba msamaha. Sasa nimemwita kutoka Bor anipeleke hospitali mwenyewe, daktari amwambie usoni alichonifanyia, ameahidi kuja Jumatatu ijayo, na huku dada yangu Lilly ananitia mafuta ya simsim sikioni. Je, akikosa kuja nimshtaki kwa wazee?

Abang, barua yako imefika leo Jumatano na nimeisoma hewani kabla ya nyingine zote. Nakuonea huruma, kofi la ndugu linauma miaka. Lakini binti yangu, wewe unatafuta shahidi au unatafuta kupona? Sikio likizima ghafla hivyo mtu hukimbia kwa daktari siku hiyohiyo. Kuna dawa, na husaidia zaidi zikianzwa mapema. Umeshapoteza siku tano kwa kumngoja Mathiang!

Kama ni lile kofi, sijui. Jeraha la zamani linaweza kuhusika, linaweza pia lisihusike, na mara nyingi hata madaktari hawapati sababu. Sasa Mathiang afike, daktari aseme si yeye, nawe umechelewa. Utamlaumu nani?

Lilly aache mafuta yake. Zima redio, panda boda, tafuta daktari wa masikio leo. Mweleze yote mawili, kwamba limezima Ijumaa na kwamba uliwahi kupigwa hapo.

Wazee utawaona baadaye, na Mathiang atajibu, maana kumpiga mtoto sikioni ni kosa hata daktari aseme nini. Siku atakapofungua mdomo kukuambia malesh, nataka uisikie kwa masikio yote mawili.