Moshi Mweupe wa Injini Yetu

Chumba Na. 6,
Nyumba za Wafanyakazi wa Reli,
9 Juni.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na usingizi umerudi. Huku sote tu wazima, ila mimi nimevimba kwa hasira, kwa hiyo uusamehe mwandiko.

Ulinifundisha kusoma moshi kabla hujanikabidhi beleshi. Mweusi, nimejaza makaa mengi kuliko hewa iliyopo. Wa kijivu, mwembamba, moto umekaa sawa. Mweupe usiokatika wakati injini imeshapata moto, maji yanavuja ndani. Msimamizi wetu mpya, tunamwita Bwana Pasi kwa jinsi suruali zake zilivyonyooka, anajua jambo moja tu: moshi mweusi unachafua nguo za wakubwa zilizoanikwa nyuma ya stesheni.

Tarehe 12 Mei akaamuru kwamba kila tukipita pale tuache mlango wa tanuri wazi, hewa iingie, moshi upotee. Nilimwambia hewa baridi italegeza mabomba ya boila. Akanijibu, "Wewe chochea, mambo ya fizikia niachie mimi."

Kwa mujibu wa shajara yangu, moshi ulianza kutoka mweupe tarehe 3 Juni. Yeye kasimama jukwaani anatabasamu kama bwana harusi. "Mnaona? Kumbe mnaweza." Nilimpandisha kwenye injini, nikamwonyesha maji yanavyochuruzika kwenye ncha za mabomba na kuzima makaa. Akasema ni jasho la chuma.

Dereva ni kaka, unamjua. Habishani na mtu aliyevaa tai. "Mdogo wangu, nina watoto wanne," aliniambia. Ndiyo maana silali. Mabomba yakiachia njiani, mvuke utatoka kwa mlango wa tanuri na kumbabua yeye, baba wa hao wanne.

Jana nilikataa kuwasha moto. Sababu nikaiandika kwenye daftari la hitilafu, nikatia sahihi. Bwana Pasi amenisimamisha kazi. Anataka nimwombe radhi kwa maandishi kabla ya Jumatatu, la sivyo nihame chumba hiki. Simwombi.

Leo asubuhi kaka alifika karakanani, akausoma ukurasa wangu mara mbili, akatia sahihi chini ya yangu, akamrudishia Bwana Pasi kofia yake ya udereva. Injini haijatoka.

Unisalimie Mama Mdogo na binamu zangu wote. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Akupendaye hata akiwa amekasirika,
Mwanao, mchochea moto.