Mteremko Uliopewa Jina Langu

S.L.P. 77,
Ifakara, Morogoro.
16 Juni 1998

Mpendwa mpwa wangu Lukelo,

Shikamoo yako imefika, na marahaba nimeitamka kwa sauti hapa barazani mpaka mama yako akageuka kuuliza naongea na nani. U hali gani huko kwenye baridi? Kile kifua cha utotoni kimekuacha? Unapata wali, au bado ni viazi asubuhi na viazi jioni? Sisi huku ni wazima. Mama yako goti linamsumbua akitoka shambani, lakini mdomo ni mzima kabisa.

Mimi usiniulize. Bahati yangu haijachakaa hata kidogo. Mwanamume aliyekatikiwa breki kwenye mteremko wa Mahenge, lori limejaa maharage na abiria kumi na saba juu ya maharage, akashikilia usukani, akalilaza gari kwenye ukingo wa mlima kama mtu anayelaza mtoto, akatoka hata kofia haijaanguka, huyo utamtafuta dunia nzima na utampata Ifakara tu. Anaitwa Egidius. Mwaka wa tano huu, bado watu wananinunulia soda kwa ajili ya siku ile. Utingo wangu Gosbert peke yake ndiye aliyetutoka, Mungu amlaze pema, lakini siku yake ilikuwa imefika.

Barua yako nimeisoma, halafu nikamsomea mama yako. Tumeelewa kuwa huo mchezo wa mashindano ya magari mnaoutengeneza kwenye kompyuta utaanza kuuzwa mwakani, na kwamba utashinda michezo yote kwa kufanana na kweli: tairi zinaisha, mafuta yanakwisha, gari linateleza kwenye matope. Tumeelewa pia kuwa mkubwa wako anataka mteremko mmoja wa lori lililokatikiwa breki, ukamsimulia habari zangu, naye akakubali uitwe Mteremko wa Egidius, mradi niandike kwa mkono wangu mikono na miguu yangu ilifanya nini, barua ifike kabla ya mwisho wa Julai. Mimi mtu wa darasa la sita, jina langu lisomwe mpaka Japani. Nilizunguka mji mzima na barua hiyo kwenye mfuko wa shati, na waliokuwa hawajauliza niliwaambia.

Sasa nikwambie juu ya ile kaseti uliyoituma, ya mchezo ambao haujamalizika. Mpwa wangu, nimefika Lusaka, nimefika Bujumbura, nimelala mpakani Tunduma wiki nzima nikisubiri karatasi. Nimeona mambo. Lakini kitu cha kuchukiza kama kile sijakiona.

Tuliitazama Jumapili baada ya misa kwenye banda la video la Anselim. Nilialika madereva wote, maana nilikuwa najitangaza. Dakika tano hazijapita, Kasmiri, yule anayeendesha lori la mbao, akaniuliza, "Wanakwenda wapi hawa?"

Nikamwambia hawaendi, wanazunguka.

"Wamebeba nini?"

Hawajabeba kitu.

"Basi ni wezi wa mafuta," akasema. "Tajiri wao anawajua?"

Makoye, yule Msukuma mwenye ng'ombe kule ng'ambo ya mto, naye akauliza imekuwaje barabara yote ile haina hata ng'ombe mmoja, hiyo nchi imepatwa na ugonjwa gani. Nikawatetea ninyi. Nikasema subirini matope. Matope yakaja. Lukelo, matope yenu yana adabu mno. Gari linapita linarusha maji kidogo pembeni, linatoka linang'aa kama viatu vya bwana harusi. Mvua za mwaka huu zilivyoitafuna barabara ya Lupiro, gari lile lingezama mpaka kwenye taa, na dereva angekaa siku tatu anakula mihogo ya kuchoma na kumnunia kila anayepita.

Halafu gari jingine likaharibika katikati ya barabara, moshi unatoka, na nyuma yake halikuwekwa hata tawi moja la kuwaambia wanaokuja kuwa hapa kuna gari limekufa. Hata mlevi wa hapa kwetu anakata matawi. Na utingo yuko wapi? Nani anaruka kuweka gogo nyuma ya tairi gari likigoma mlimani? Dereva mwenyewe hana mwili, ana glovu mbili tu zimeshika usukani. Nilianza kutema mate chini, Anselim akanikumbusha kuwa ndani ya banda lake hairuhusiwi.

Hayo yote ningeyameza. Kinyaa cha kweli kilinipata gari jekundu lilipopinduka. Lilibingirika mara saba, vioo vikamwagika kama sukari. Likaonyeshwa tena polepole kutoka juu, likaonyeshwa kutoka ubavuni, kama mnamchuna mbuzi na mnataka watu waone kila kiungo. Halafu mara likawa limesimama pale lilipoanzia, jipya, na glovu zimeshika usukani. Banda zima likapiga kelele kutaka lirudishwe. Uliniandikia kuwa mwenzako mmoja alikaa wiki tatu akitengeneza kioo kinavyopasuka. Wiki tatu. Mimi kioo cha namna hiyo nilikifagia kwa viganja vyangu kutoka usoni kwa mtu, wala sikuona ufundi wowote ndani yake.

Balbina, mjane wa Gosbert, anauza vitumbua mlangoni kwa Anselim. Kuna mtu alimwambia ndani kuna picha ya gari linapinduka kama lile letu. Akaweka beseni chini, akaingia. Siku ile ya Mahenge naye alikuwa juu ya maharage pamoja na abiria, upande wa kulia, upande wa dereva, anakwenda kumwona mama yake hospitali. Nilimpisha benchi.

Akatazama. Kisha akasema, "Rudisha."

Anselim akarudisha. "Tena," akasema. Mara ya tatu akasogea mpaka mbele, akaweka kidole kwenye kioo cha televisheni, pale penye mlango wa yule dereva.

"Huu mlango haufunguki?"

"Mama we," Kasmiri akamjibu, "gari liko kwenye mwendo, nani afungue mlango?"

Watu wakacheka. Balbina hakucheka. Akanigeukia mimi.

"Nauliza tu, shemeji. Kwenye mchezo huu dereva hawezi kushuka?"

Nikamwambia hawezi.

"Basi wametengeneza vizuri," akasema, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Tangu Jumapili nimeutukana mchezo wenu kwa kila mtu. Nimewaambia ni upuuzi wa watu walioshiba, ni dharau kwa kazi ya udereva, ni uchafu. Watu wananikubalia, lakini moyo hautulii. Kila nikikaa kuandika hayo maelezo ya mkubwa wako, naanza vizuri, "nilishikilia usukani kwa nguvu," halafu nanusa maharage yaliyomwagika na siendelei. Karatasi tatu nimewashia jiko. Siyo kaseti inayonitia kichefuchefu, mpwa wangu. Nimechelewa kulijua hilo.

Mama yako anakusalimu sana, anasema utume picha ambayo hujavaa kofia aone kama una nywele bado. Mzee Kassian anakusalimu, na shamba lake la mpunga mwaka huu limempa hata jeuri. Mwanasha wa jirani amejifungua pacha, wote wasichana, nao tumewahesabu kwenye salamu. Luciana anauliza utarudi lini, mimi nimemwambia akuulize mwenyewe. Salamu za Balbina sikuziomba. Kila mavuno nampelekea gunia la mpunga, anapokea, anashukuru, na kwa nini amenyamaza miaka yote hii sina uso wa kumuuliza.

Mungu akutunze katika kazi yako na akuepushe na barabara mbaya, za huko na hizo unazochora.

Sasa mpe mkubwa wako alichoomba. Breki zilipokatika, mkono wangu wa kulia ulifungua mlango na miguu yangu iliruka. Ndicho ilichofanya. Gosbert alikuwa kiti cha pembeni, mtu ambaye hakuwahi kuwa na leseni. Alihamia kwangu, akashika usukani, akalipeleka lori ukingoni likaegemea upande wa kulia, upande aliokuwa amekaa yeye, waliokuwa juu wakamwagikia kwenye nyasi. Mimi nilifika nikikimbia, vumbi halijatua, na waliponikuta nimesimama karibu na gari wakaanza kunishukuru. Sikuwakatiza. Mwambie auite Mteremko wa Gosbert, na kama kompyuta yenu inaweza, mlango ufunguke. Mama yako nitamwambia leo kabla sijaipeleka barua hii posta, na nikitoka posta nakwenda kwa Balbina.

Habari ya bahati yangu ni ya uongo. Lori lile sikuliokoa. Nililikimbia, nikamwachia Gosbert.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda,
Egidius