Waliopita Kabla Sijafika

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta salama, umelala vya kutosha, na kile kikohozi cha mvua kimekuachia. Sisi huku tupo. Nasema tupo kwa sababu nikiandika kwamba hatujambo nitakuwa nimeanza kwa uongo, na barua hii naiandika ili niachane na uongo. Kuna jambo nililolificha miezi minane. Sikumwambia mama, sikumwambia mwalimu, hata kwenye shajara sikuliandika, nawe unajua shajara yangu huwa naiambia mpaka ndoto. Nitalifikia. Nivumilie nianze na habari za nyumbani, maana nikilitaja hapa juu utaacha kusoma uanze kupiga simu, na simu yenyewe anaishika mama.

Uliniuliza kwa nini siku hizi mama anakujibu kwa mkato. Amechoka, dada. Bado yuko pale hospitali kwenye chumba cha kufulia, zamu ya asubuhi, anafua na kupiga pasi mashuka ya wodi nne. Akirudi anakaa kwenye kiti cha mlangoni, anavua viatu, na hanyanyuki mpaka miguu ipoe. Juzi alisinzia ameshika soksi moja mkononi. Mjomba alipomkuta hivyo alimuuliza kama soksi ile anaiuza au anaikodisha. Mama alicheka bila kufungua macho.

Habari kubwa ya mtaa ni njia ya mto. Ukija hutaamini. Ng'ambo, kuanzia daraja kubwa hadi viwanja vya mpira, wamejenga njia ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, kilomita tatu nzima. Ina mstari mweupe katikati unaotenganisha miguu na magurudumu, ina mabenchi na taa. Jioni inajaa. Watoto wanajifunza baiskeli, wazee wawili wa mtaa wa juu wanatembea wakibishana habari za mpira, na fundi cherehani, yule mnene, sasa anakimbia, au tuseme anatembea kwa hasira. Mimi nimepita mara moja tu. Nilifika kwenye benchi la kwanza nikageuka.

Upande wetu njia ni ileile ya udongo inayopita nyuma ya nyumba ya pampu hadi lango la nyuma la hospitali. Tofauti ni kwamba imekatwa. Mafundi walichimba mtaro wa maji ya mvua kutoka barabarani hadi mtoni, kina chake kinanifika kifuani, na hawakuweka kivuko. Watu wenyewe wameweka ubao mmoja. Ukilowa unateleza kama sabuni. Na mama, dada, alikuwa anauvuka ubao ule kila alfajiri bila sisi kujua. Tulidhani gari la wafanyakazi linamchukua kama zamani. Kumbe liliharibika mwaka juzi, halijatengenezwa mpaka leo, na mama hakutaka tuwe na wasiwasi. Alikuwa akitoka saa kumi na moja na nusu, mimi bado nimejifunika, anakwenda kwa miguu. Viatu vyake vilikuwa na tope kila siku pale mlangoni. Niliviruka kila siku, na sikujiuliza hata mara moja tope limetoka wapi.

Tulijua alipoanguka. Ilikuwa Jumatatu, wiki nne zilizopita. Mwenzake mmoja wa kazini alimleta amemshika kiunoni, sare imechanika, goti limevimba mpaka halikunjiki. Alilala siku saba. Usishtuke, goti limepona, ila akipanda ngazi anashika ukuta. Alinikataza nisikwambie mpaka umalize mitihani. Umemaliza, nimekwambia.

Wenzake walikuja kumjulia hali, wakajaa sebuleni hadi wengine wakakaa juu ya ndoo. Walisema mwezi ujao mtaro utapanuliwa na kujengewa kwa saruji, na ubao utaondolewa. Baada ya hapo itawabidi wazunguke kwa barabara kuu, karibu saa nzima zaidi, kwa miguu, gizani, na waliochelewa mara tatu kazini wanaandikiwa barua. Mmoja wao, tunayemwita Bi Kicheko, alisema amesikia kwamba kwenye ripoti ya halmashauri upande wetu alfajiri hupita watu watano. Watano! Akasema yeye peke yake akivaa masweta mawili ni watu watatu. Walicheka mpaka mama akashika goti. Kisha mama akauliza, kwa sauti ya kuchoka tu, bila ubaya, ni nani huyo aliyekaa kuwahesabu, au alikuwa anahesabu kambale. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Vikombe viligongana. Mama akaniambia niwe mwangalifu, nisije nikaunguza wageni.

Dada, aliyewahesabu ni mimi.

Mwaka jana, kabla ya ujenzi, mwalimu wa jiografia alichagua wanafunzi sita wa kuisaidia halmashauri. Halmashauri ilikuwa na uwezo wa kujenga njia upande mmoja tu wa mto, nao ungechaguliwa kwa wingi wa wapitaji. Kila mmoja alipewa kituo, kalamu, na karatasi zenye visanduku vya nusu saa. Mtu akipita, unachora kijiti kimoja. Kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa mbili asubuhi, kwa siku tano. Mimi nilipangiwa nyumba ya pampu, upande wetu. Nyumbani nilisema tu kwamba nahesabu watu mtoni. Mama akadhani ni darajani, nami nikanyamaza.

Siku ya kwanza nilikwenda. Mama siku hiyo alikuwa na zamu ya mchana, amelala. Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya pampu, nikahesabu mmoja, wawili, mpaka watano. Yule wa tano alikuwa mwanamume mwenye baiskeli. Alisimama, akanimulika tochi usoni, akauliza kama nawahesabu kama mbuzi. Akasema basi yeye nimwandike mara mbili, mke wake amebaki nyumbani. Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, sasa najua, lakini sauti haikunitoka. Miwani iliingia ukungu. Nilinyanyuka nikajificha nyuma ya ukuta, nikakaa huko mpaka kukapambazuka. Nilisikia nyayo, dada. Zilikuwa nyingi, na kengele za baiskeli, na wanawake wakiongea. Sikutoka. Niliporudi kizingitini ilikuwa saa moja, na kwenye visanduku vile vitatu vya mwanzo nikagawanya watano wangu.

Siku nne zilizobaki niliamka kwa wakati, nikakaa kitandani kusoma kitabu cha maktaba mpaka kuche, kwa kuwa watu wa kwenye kitabu hawakumuliki tochi. Nilifika saa moja, nikajaza visanduku vya alfajiri kwa kubuni: wanne, sita, watano, watano. Nilijiambia kwamba wote waliopita ile siku ya kwanza walikuwa na safari ya siku moja tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Upande wa ng'ambo ulionekana una watu wengi, wakajenga huko. Upande wetu ulionekana hauna watu, wakaukata kwa mtaro. Na shuleni alikuja mama mmoja, injinia wa halmashauri, akatugawia vyeti. Changu kimeandikwa kwamba ni kwa umakini. Mama alikitundika sebuleni juu ya redio, na kila mgeni anaonyeshwa. Siku ile Bi Kicheko anataja watu watano, alikuwa amekaa chini ya cheti hicho.

Jumatatu iliyofuata nilichukua daftari jipya, nikaenda kusimama kando ya ubao kabla ya saa kumi na moja na nusu. Yule mwenye baiskeli alikuwa wa tisa, amebeba baiskeli begani. Alinitambua, akauliza kama bado nahesabu mbuzi. Nilimjibu kwamba ndiyo, ila mke wake sitamwandika mpaka aje mwenyewe. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Alicheka, akawageukia wa nyuma akawaambia wapite polepole, mtoto asije akakosea.

Mama alikuwa wa sitini na tatu. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi kazini, na hakujua kwamba nimetoka nyumbani. Alisimama mbele yangu na tochi yake. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, nyumba ya pampu, ukuta, kitabu, watu watano. Watu wakaendelea kupita pembeni yetu. Kisha akaniambia kwamba wamepita watatu na sijawaandika. Nikawaandika. Akauliza yeye ni wa ngapi. Nikamwambia. Akasema nisichelewe shule, akaweka mguu juu ya ubao, na mkono mmoja akaunyoosha nyuma bila kugeuka. Niliushika mpaka alipofika upande wa pili.

Asubuhi yake nilikuta cheti kimeshushwa na kuwekwa mezani juu ya daftari langu, kimefutwa vumbi.

Nilihesabu siku tano. Siku yenye watu wachache walipita mia moja na tisini na nane. Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini kwa injinia, chumba kimejaa ramani zilizokunjwa na vikombe visivyooshwa, nikamwekea daftari na cheti mezani. Alisoma muda mrefu. Hakunigombeza, na nilitamani anigombeze. Alisema naye amechoka, michoro imeshatiwa saini, saruji imeshaagizwa. Akasema atalipeleka daftari kwenye mkutano wa Ijumaa, ila hawezi kuzitetea hesabu mpya kama aliyeandika za zamani hajasimama mwenyewe kueleza alizipataje. Nilimwambia siwezi kuongea mbele ya watu. Akasema hilo ameliona.

Ijumaa nilisimama. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele kwamba sauti haifiki. Ikabidi niseme upya tangu mwanzo, na kusema mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Wengine waliguna. Mwalimu wa jiografia alikuwa anatazama viatu vyake. Bi Kicheko hakucheka. Mwisho wake walikubaliana kwamba upanuzi usimame mpaka halmashauri ilete watu wake wahesabu upya, na ubao usiguswe. Ni hayo tu. Kivuko hakijaahidiwa, wala njia kama ile ya ng'ambo. Mama hakuwepo, alikuwa kazini.

Mjomba anakusalimu na anadai umwandikie na yeye, anasema hata salamu tatu zinatosha. Mama hajui kwamba nimekuandikia kirefu hivi. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kwa barua, nisome taratibu.

Tangu mkutano naamka saa kumi na moja. Namsindikiza mama mpaka mtaroni, natangulia kuvuka, nageuka, nampa mkono. Akishapita narudi kujiandaa na shule. Mvua imenyesha tangu jana, na leo ubao ulikuwa umelowa. Nilivua sweta langu nikaupangusa, kisha nikasubiri wote waliokuwa nyuma yetu wavuke.

Mdogo wako akupendaye,
Miwani