Zulia la Ndege ya Ombeni

Iyunga, Mbeya
Ijumaa, 12 Julai 2024

Mdogo wangu Apolonia,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Barua yako niliipata, na ujumbe wako wa simu niliusoma. Nafasi ya kujibu nilikuwa nayo. Uliniuliza jambo moja tu: je, kwa macho ya mtu aliyekagua mabehewa ya reli miaka thelathini, ndege ya mwanao ni salama? Uliandika kwamba ukipata neno langu ndipo utakapomruhusu kuruka.

Natumaini magoti yako yamepata nafuu, na kwamba baridi ya huko Mlandege si kali kama hii yetu. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Siku hizi nikimaliza uji wa asubuhi najiona kama nimekwisha kufanya kazi ya kutwa.

Ombeni hajambo. Ile ndege yake ya watu wawili, ambayo mwaka wa saba sasa imelijaza banda langu la mahindi, imekamilika karibu yote: mabawa, injini, viti, hata mikanda. Kilichobaki ni cha kutandika sakafuni. Ungedhani ni kazi ya asubuhi moja. Imechukua zaidi ya miezi mitatu, na aliyeichelewesha ni mimi.

Yeye alitaka mpira mwembamba, vipande viwili vinavyobanduka, ili sakafu ichunguzwe wakati wowote. Mimi nikashikilia zulia nene, libandikwe kwa gundi pande zote. Nilimwambia kwamba huko juu miguu itakufa ganzi kwa baridi. Akanijibu kwamba zulia hunywa maji, maji huozesha mbao, na uzito wote huo utapunguza mafuta ya kubeba. Kisha akacheka, akasema, "Mjomba, hiki ni chombo cha kuruka, si sebule ya mchungaji."

Mara nne tulikwenda dukani kwa Mzee Suresh, muuza mazulia wa mjini. Mara ya tatu Ombeni alitoa mzani wa jikoni kwenye begi, akapima kipande cha zulia kisichozidi kiganja. Mzee Suresh akamwita mkewe, Manjula, aje ashuhudie. Mama yule akasema kwamba tangu aolewe ameulizwa rangi, ameulizwa bei, ameulizwa kama zulia linafuliwa, lakini gramu, hilo bado. Akataka kujua kama na mimi nimeshapimwa. Walicheka wote. Mimi nilitazama barabarani.

Mpira niliukataa kwa sababu ya harufu. Kapeti la plastiki nililikataa kwa sababu huteleza. Wiki iliyopita Ombeni akakubali zulia langu. Sikumshawishi, alichoka kubishana na mtu mzima. Alisema kwa upole kwamba mama ameliacha neno la mwisho kwa mjomba, basi atalibandika kesho Jumamosi.

Apolonia, siku chache kabla ya barua yako kufika, Ombeni alikwenda Mwanjelwa kununua skrubu. Nikaingia ndani ya ndege na karatasi ya kukatia, nipime sakafu. Amechora kwa chaki mahali pa kukanyaga, na amri ya kuvua viatu niliitoa mimi mwenyewe. Niliingia na viatu, kwa kuwa kuinama kufungua kamba huniumiza kiuno. Nikakanyaga nje ya alama. Plaiwudi ile ni nyembamba mno, nikaisikia ikilia. Ufa una urefu wa shubiri, mbele ya kiti cha kushoto, juu ya nyaya za kuongozea ndege zinazokwenda mkiani. Niliuziba kwa vumbi la mbao na gundi, na tangu siku ile ndipo nilipoanza kudai zulia. Habari za baridi na harufu zilikuwa uongo. Relini niliwaandikia watu barua za onyo kwa kuficha kasoro ndogo kuliko hii.

Leo asubuhi nimemwonyesha. Alipiga magoti, akamulika kwa simu, akapitisha ukucha juu ya ufa. Aliniuliza ni lini, nami nikamwambia. Alisema huenda ukawekwa kiraka kwa chini, au huenda sakafu yote ikakatwa, na hapo viti na nyaya vitang'olewa, na kazi itafika mwakani. Halafu akaniomba ufunguo wa banda. Aliupokea kwa mikono miwili, kama ulivyomlea.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, na nililijua tangu Pasaka. Safari nyingine umuulize yeye, si mimi.

Nisalimie binti yako Gloria na wajukuu. Ombeni atakapoamua kati ya kiraka na sakafu mpya, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Kaka yako,
Abrahamu